Prado 95: shokomzoba za nyuma zimekwisha, nataka kuzibadilisha nyumbani (Malindi)

kasuku_gongoni

Salaam aleikum wakuu. Gari ni Prado 95 ya injini ya 1KZ, nyuma ina springi za koili. Hutembea zaidi barabara ya Malindi kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, na mara nyingine mchanga wa ufuoni upande wa Ngomeni. Likipita tuta, mkia unanesa mara tatu nne ndipo utulie. Kwenye makunyanzi ya murram mkia unahama pembeni kana kwamba tairi hazigusi chini. Shoki ya kushoto imelowa mafuta mpaka kwenye bolti ya chini, ya kulia ni kavu kabisa. Tairi za nyuma zimeanza kuliwa madoa madoa.

Naomba kujua haya. Nibadilishe ile iliyolowa peke yake au zote mbili? Kazi hii yawezekana uani, bila lifti? Nina jeki ya chupa na ile iliyokuja na gari, stendi mbili, spana za ringi na soketi. Grainda sina. Nati ya juu naiona kwa taabu, na gereji moja imeniambia lazima bodi iinuliwe kutoka kwenye chasisi. Halafu mkia umeshuka kidogo ukilinganisha na mbele. Shoki mpya zitaupandisha?

spana17

Waaleikum salaam. Naanza na la mwisho maana ndilo linalowapotezea watu pesa. Shokomzoba haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kunesa baada ya kukandamizwa. Uzito wote umekalia springi, kwa hiyo mkia ukishuka, springi zimechoka au gari hubeba kupita kiasi. Shoki za gesi husukuma juu kidogo, lakini si kiasi cha kukuonyesha tofauti uani. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa tupu mahali pa sawa, uandike. Ukiona pande hizo mbili zimepishana sana, au raba ya kikomo iliyo juu ya ekseli ina alama za kugongwa mara kwa mara, tafuta springi pia.

Badilisha zote mbili. Shoki moja mpya na moja kuukuu maana yake upande mmoja unashikwa na mwingine unaachiliwa, na ukifunga breki kwenye kona ya changarawe utalijua hilo. Tena usidanganyike na ukavu wa ile ya kulia. Shoki inaweza kufa bila kutoa tone, vali za ndani zikilika au mafuta yakipoteza uzito. Kuna kipimo rahisi: endesha kilomita kumi na tano hivi za makunyanzi, simama, uguse mwili wa kila shoki kwa tahadhari, kwanza kwa mgongo wa kidole. Shoki inayofanya kazi hugeuza mtikisiko kuwa joto. Ile utakayoikuta baridi wakati mwenzake ni moto, imekufa. Zikiwa baridi zote mbili baada ya barabara ile ya Sala, basi jibu unalo.

Kuhusu mafuta: ukungu mwembamba ulioshika vumbi sehemu ya juu ya mwili wa shoki ni kawaida. Mafuta yanayotiririka hadi bolti ya chini si ukungu, sili (raba inayozuia mafuta yasitoke) imeshakatika.

Na bodi haiinuliwi. Aliyekwambia hivyo hataki kuhangaika na nati ya juu.

fundi_barani

Kazi yawezekana uani kabisa. Nakupa utaratibu wa Prado hii: juu shoki ina mti wenye nyuzi unaopita kwenye tundu la chasisi, raba mbili na nati, chini ina jicho lenye bushi (kikalio cha raba na chuma) na bolti inayoingia kwenye ekseli.

Siku mbili kabla, piga brashi ya waya kwenye nyuzi zote nne zinazoonekana, kisha mwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Usiruke hatua hii. Gari lililoshuka ufuoni hata mara chache huwa na chumvi ndani ya nyuzi, na ukilazimisha bolti kavu utaikata.

Siku ya kazi, simamisha gari mahali pagumu. Mchanga wa uani kwetu huu unameza jeki: tandika ubao mnene wa mbao ngumu, upana wa futi moja kila upande, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usithubutu kuweka gari juu ya mawe ya matumbawe yale ya kujengea. Yanaonekana mazito, lakini uzito ukikaa mahali padogo hupasuka ghafla, bila hata kutoa mlio kwanza. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi mbele na nyuma. Breki ya mkono hufunga magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo unayoyainua, kwa hiyo haikusaidii kitu.

Legeza kidogo nati za magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki chini ya chungu cha difu (kile kivimbe cha katikati ya ekseli), kisha weka stendi chini ya ekseli yenyewe, kushoto na kulia, karibu na springi. Narudia: chini ya ekseli, si chini ya chasisi. Hapo springi zimebeba gari kama kawaida, ekseli haina pa kuangukia, paipu ya breki haivutwi, na shoki inatoka bila kulazimishwa. Sukuma gari kwa bega kabla ya kuingia chini. Likitikisika juu ya stendi, shusha uanze upya. Kisha toa magurudumu, maana njia ya kufikia nati ya juu ni kupitia matao ya magurudumu.

Piga picha ya raba na washa za juu kabla ya kugusa chochote: washa ipi iko wapi na tumbo lake limeelekea wapi. Picha hiyo itakuokoa baadaye.

Anza na nati ya juu wakati chini bado pamefungwa, kwa sababu bolti ya chini inasaidia kushikilia shoki isizunguke. Mara nyingi ni spana ya 14, lakini magari haya yameshapita mikono mingi, usishangae kukuta 15 au 17. Tumia ringi ndefu, ilaze juu ya chasisi, utakuwa unapata robo ya mzunguko kila mara au chini ya hapo. Ni kazi ya subira, si ya nguvu. Ncha ya mti ina bapa mbili za kushikiwa kwa spana ndogo. Mti ukizunguka pamoja na nati na bapa zimeshalika, bana mti wenyewe chini ya chasisi kwa pipe renchi. Shoki hiyo unaitupa, kwa hiyo kuikwaruza si kosa. Ikiwa mti umefunikwa na kava ya chuma, bana kava hiyo, mara nyingi imechomelewa kwenye mti.

Baada ya hapo bolti ya chini, mara nyingi 17, kwa mkono mrefu wa soketi. Maliza upande mmoja kabisa, ndipo uende wa pili. Ule ambao hujaugusa ndio mfano wako.

Kufunga: washa ya chini na raba ya chini zikae kwenye mti kwanza, ingiza mti kwenye tundu la chasisi, halafu raba ya juu, washa, nati. Usikaze. Teremsha jicho hadi kwenye nafasi yake ya ekseli, ingiza bolti kwa vidole. Isipoingia kwa vidole, shoki haijakaa sawa, usiipige nyundo. Shoki za gesi huja zimefungwa mkanda zikiwa zimebanwa, na mkanda huo ukatwe tu baada ya mti kuingia juu, la sivyo utahangaika kuikandamiza.

kasuku_gongoni

Ahsante sana mafundi, Mungu awabariki. Fundi wa Barani, nimemwagia mafuta na kujaribu kulegeza tu. Nati za juu zote mbili zimetingishika. Bolti ya chini ya kushoto inazunguka lakini haitoki, na naona bushi inazunguka nayo, raba inajikunja. Nifanyeje? Na kuna jirani anasema niiunguze kwa mtungi wa gesi.

chuma_cha_pwani

Jirani mwambie hapana, kwa heshima. Ndani ya shoki kuna mafuta, na zile za gesi zina naitrojeni iliyoshindiliwa. Ukiipasha moto imefungwa hivyo inaweza kulipuka. Raba nayo itatoa moshi unaokaba. Zaidi ya hayo paipu ya breki iko pale pale karibu.

Ugonjwa wako unajulikana sana huku pwani. Ndani ya bushi kuna mkono wa chuma, bolti inapita katikati yake. Chumvi ikiingia kati ya viwili hivyo, kutu huvimba na kuvifanya kitu kimoja. Kwa hiyo nyuzi zimeshalegea, ila bolti imeshikwa na mkono. Kabla ya kukata, jaribu hivi: rudisha bolti ndani mizunguko miwili, mwagia mafuta kutoka pande zote mbili za jicho, itoe mpaka ishike, irudishe tena. Fanya hivyo polepole huku ukigonga upande wa jicho kwa nyundo ya ratili mbili. Mara nyingi hulegea yenyewe. Dawa nzuri ya kumwagia ni mchanganyiko wa ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asitoni, nusu kwa nusu, hupenya kuliko mikebe mingi ya dukani. Weka mbali na rangi na moto.

Ikikataa, kata. Huhitaji grainda, na chini ya gari lenye tangi la mafuta sikupi ushauri wa grainda hata ungekuwa nayo, cheche zinaruka pasipo mpango. Chukua bleidi ya hakso, ile yenye meno 24 kwa inchi, funga kitambaa upande mmoja upate pa kushika, na ukate bolti katika nafasi iliyopo kati ya jicho na bamba la ekseli. Weka mafuta kwenye bleidi. Itachukua muda, tena bleidi zaidi ya moja. Shoki ikitoka, kipande kilichobaki kwenye nyuzi utakishika kwa koleo ya kujifunga.

Bolti mpya usinunue ile laini ya hadiwea isiyo na alama kichwani. Namba ya uimara iliyopigwa kichwani isipungue 8.8, na 10.9 ni bora, unene, urefu na nafasi kati ya nyuzi vifanane na ya zamani. Nenda nayo dukani mkononi. Kabla ya kuiingiza, paka grisi sehemu yake laini, ile inayokaa ndani ya bushi. Kidogo tu. Hiyo ndiyo itakayokufanya usikate tena mara ijayo.

Na ukitoka mchangani osha chini kwa maji matamu. Maji ya kisima cha chumvi hayaoshi, yanaongeza.

mokowe79

Fundi_barani, nakubaliana nawe kuhusu stendi chini ya ekseli, ila mwenye mikono mikubwa hataifikia nati ya juu ya upande wa ekzosi. Njia nyingine ni stendi chini ya chasisi na jeki chini ya ekseli, kisha unashusha ekseli sentimita tano sita upate nafasi.

Kuhusu Land Cruiser za 70 tunazoziona huku Mokowe, Hindi na Mpeketoni, zenye springi za mapande (vyuma bapa vilivyopangwa) nyuma, kazi ni nyepesi zaidi: shoki ina macho juu na chini, na ekseli inashikwa na springi zenyewe, haiendi popote hata shoki zikitoka zote. Taabu yake ni kutu tu, na washa kubwa za nje zinazopotea.

fundi_barani

Sawa, mokowe79, ila asiyezoea aambiwe hatari yake. Kwenye Prado ya koili, shoki ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiwa na stendi kwenye chasisi na umetoa shoki, kilichobaki ni jeki moja. Ikiachia, ekseli itaning'inia kwenye paipu ya breki, na springi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Ukifuata njia hiyo, shusha huku ukitazama paipu, usimame kabla haijanyooka. Kama gari lina kijiti cha vali ya breki inayosoma uzito nyuma, kiangalie nacho, hupinda upesi.

spana17

Mambo mawili ambayo watu huyaruka.

La kwanza ni kuipampu shoki kabla ya kuifunga. Shoki za mirija miwili, ambazo ndizo nyingi madukani, zikilazwa stoo hewa huingia kwenye mrija wa kazi. Simamisha shoki wima kama itakavyokaa garini, ibonyeze mpaka mwisho, ivute mpaka mwisho, polepole, mara tano au sita, mpaka usihisi tena pale inapoteleza bila upinzani katikati ya safari yake. Ya gesi itarudi juu yenyewe, ya mafuta matupu haitarudi, na hilo si kasoro. Linganisha zote mbili mkononi: kama moja ni laini waziwazi kuliko mwenzake, irudishe dukani kabla haijachafuka. Ukishaipampu, usiilaze tena. Usishike mti unaong'aa kwa koleo, hata kidogo. Mkwaruzo mdogo kama unywele utakuwa unakata sili kila mti unapopita, na mafuta yataanza kutoka kabla ya mvua za masika kuisha. Kwa sababu hiyo hiyo usikaze nati ya juu kwa mashine ya hewa: mti huzunguka kwa kasi ndani ya sili kavu.

La pili ni mahali pa kukazia bolti ya chini. Bushi ile raba yake imeshikana na chuma, haitelezi, inajipinda tu. Ukikaza ekseli ikiwa imening'inia, unaifunga raba katika hali hiyo, na gari likishuka inabaki imejipinda siku zote. Itapasuka mapema ajabu. Kwa stendi za chini ya ekseli uko salama, gari tayari limekaa kimo chake. Kwa njia ya mokowe79, rudisha magurudumu, shusha gari chini, ndipo ukaze. Nguvu ya kukazia fuata kitabu cha gari lako, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu). Nati ya juu haina haja ya nguvu nyingi: kaza mpaka raba ivimbe ifikie ukingo wa washa, isiufunike. Ikishatokeza nje ya washa, umepita kiasi. Nati yenye plastiki ndani usiirudie, weka mpya iliyokuja kwenye paketi.

kasuku_gongoni

Bolti imetoka kwa ile njia ya kuirudisha na kuitoa, hakso sikuhitaji. Alhamdulillahi. Swali la mwisho kabla sijanunua: nikiamua kuweka springi za kuinua gari inchi mbili, shoki za kawaida zitafaa? Muuza vipuri mmoja anasema zinaingia tu.

chuma_cha_pwani

Kuingia zitaingia. Shida ni urefu. Springi ndefu na shoki fupi: gurudumu likishuka shimoni, shoki inanyooka mpaka mwisho na kupokea uzito wote wa ekseli kwenye mti wake. Hapo ndipo nati za juu hung'oka. Shoki ndefu mno nayo hugonga mwisho wake wa ndani kabla raba ya kikomo haijagusa, na inapasuka kutoka chini.

Pima mwenyewe. Funga springi mpya kwanza, gari likae chini, tupu. Pima kutoka kikalio cha raba cha juu hadi katikati ya jicho la chini. Tuseme umepata milimita 480. Pima nafasi kati ya raba ya kikomo na mahali inapogonga, tuseme 90. Raba hiyo yenyewe hukandamizika, iwekee 30, na uongeze 10 za usalama. 480 ukitoa 130 ni 350. Basi shoki unayonunua, ikibanwa mpaka mwisho, isizidi 350. Kwa kuwa shoki imeinama kidogo, hesabu hii inakuachia ziada ndogo. Kwa upande wa kunyooka, shusha ekseli kwa jeki ukitazama paipu ya breki, na upime pale paipu inapokaribia kukaza: shoki inyooke mpaka mwisho kabla ya hapo, ili yenyewe iwe kizuizi, si paipu. Ukiona paipu inakaza mapema, inahitaji kurefushwa kwanza.

Muuzaji asiyekupa urefu wa kubanwa na wa kunyooka, au namba ya kipuri inayolingana na namba ya chasisi yako, mwache.

fundi_barani

Na ukishamaliza, endesha kilomita 50 hadi 100 kisha pitia nati zote tena. Ukisikia mlio wa tok tok mkiani kwenye mashimo madogo tu, ni raba ya juu: washa imegeuzwa au nati haijafika. Ukiusikia kwenye matuta makubwa, tazama raba za kikomo na bushi za mikono ya ekseli, maana mkia unaohama kwenye makunyanzi hauletwi na shoki peke yake. Kwenye barabara hiyo ya Sala punguza upepo wa tairi kidogo na usikimbilie, shoki zikichemka mafuta hutoa povu na upinzani unapotea hata kama ni mpya.

Zile za zamani usizitoboe wala kuzitupa kisimani au jalalani karibu na kisima. Wanunuzi wa vyuma chakavu huzichukua zikiwa nzima.